Dondoo muhimu: Kuficha data au kuongeza kasi?

Ufuatiliaji wa kaya wilayani Rufiji, ulioanza 1998 na kugusa vijiji ambavyo leo viko wilaya ya Kibiti, hurekodi vizazi, vifo na uhamaji. Ukiandika programu ya kazi kama hiyo:

• Ficha data ndani ya klasi. Tarehe ya kifo ipitie methodi inayokataa kifo kilichotangulia kuzaliwa.

• Usihofie kwamba methodi fupi itapunguza kasi. Kompaila za C++ na Java mara nyingi huipachika pale inapoitwa, gharama ya kuiita ikatoweka.

• Pima kasi kwanza, tena kwenye kishikwambi cha mdadisi. Huenda kinachochelewesha ni hifadhidata au mtandao.

• Legeza ufichaji pale tu ilipothibitika kuwa unachelewesha, na sababu iandikwe kwenye mwongozo wa timu.