Dondoo muhimu: Kuchagua spika ndogo za nyumbani mjini Kindu

Rumba ya Kongo, iliyoingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021, inastahili spika zinazosema kweli. Kabla ya kutoa pesa:

• Unyeti. Ukitegemea betri ya sola, tafuta desibeli 88 au zaidi (kwa wati 1, mita 1). Kila desibeli 3 za ziada hupunguza kwa nusu wati unazohitaji.

• Omu. Zioane na amplifaya. Spika za omu 8 haziichoshi kama za omu 4.

• Ukingo wa koni. Ubonyeze taratibu. Mpira hustahimili unyevu wa kandokando ya mto Lualaba. Sponji huoza na kumeguka.

• Boksi. Ligonge kwa kidole. Likilia kama debe tupu, liache.

• Masikio. Nenda na wimbo wa rumba wa Franco unaoujua vizuri. Besi isikike noti kwa noti, mwimbaji akae katikati, na magitaa ya sebene yasichome.

• Mahali. Twita (spika ndogo za sauti za juu) ziwe usawa wa masikio, boksi lisigusane na ukuta.

Sauti ikianza kukwaruza, punguza mara moja: amplifaya iliyozidiwa huunguza twita. Na jozi safi ya mtumba ni bora kuliko mpya yenye taa nyingi na wati za kuandikwa tu.