Fundi asipige Windows kabla hesabu hazijatoka

Dada katibu wa Rhotia,

Pole sana. Umeniandikia kuhusu laptopu iliyokwama tangu Jumapili, umeme ulipokatika katikati ya apdeti, na kuhusu wanachama wa VICOBA yenu walioanza kunong'ona kwamba katibu kaficha hesabu. Naona hilo la pili ndilo linalokunyima usingizi. Basi nianze na linalokuhusu zaidi: hesabu zenu, kwa jinsi ulivyoeleza, zina kila dalili ya kuwa bado zimo.

Windows inapojisasisha hubadilisha mafaili yake yenyewe, yale yanayoiwasha na kuiendesha mashine. Jedwali lako la Excel la hisa na mikopo haliguswi. Umeme ulipokatika, na betri umesema ilikufa zamani, Windows ikabaki nusu mpya, nusu ya zamani, haiwezi kusonga mbele wala kurudi. Inashindwa kuwaka, lakini kilichoandikwa kwenye diski kipo palepale. Apdeti yenyewe kufuta nyaraka ni jambo la nadra. Ilitokea Oktoba 2018, na Microsoft wakaisimamisha apdeti hiyo ya Windows 10 siku chache tu baada ya kuitoa.

Kwa hiyo huyo fundi wa Karatu mjini aliyekuambia umpelekee apige Windows, usimpe kwanza. Simlaumu. Kupiga Windows, yaani kuiweka upya, ni njia ya haraka, na kwa mashine isiyo na kitu cha maana inafaa. Ila mara nyingi kazi hiyo huanza kwa kufuta diski, na hapo ndipo hesabu zitakapopotea kweli.

Kuna jambo unaloweza kujaribu mwenyewe nyumbani. Chomoa flashi, printa na kila kilichochomekwa, uache waya wa umeme tu. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 10 mpaka mashine izime kabisa, kisha iwashe. Ikianza kuonyesha alama ya Windows, izime tena vilevile. Ukirudia hivyo mara mbili tatu, Windows itatambua kwamba imeshindwa kuwaka na italeta skrini ya bluu ya matengenezo. Ingia Troubleshoot, halafu Advanced options, halafu Uninstall Updates. Kwa kuwa yako ilikuwa ile apdeti kubwa, chagua kuondoa feature update ya mwisho. Iache ifanye kazi yake, hata ikichukua saa nzima, na uifanye wakati umeme umetulia. Ikigoma, rudi ujaribu Startup Repair. Palipoandikwa Reset usipaguse kabisa kwa sasa.

Yote yakishindikana, ndipo umwendee fundi, na kazi unayompa iwe moja: atoe kopi. Anaweza kuiwasha mashine kwa flashi yenye Linux, au akaifungua diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine. Kaa naye. Faili la hesabu lifunguliwe mbele ya macho yako, usome majina na tarakimu, kisha ndipo apige Windows akitaka. Mashine ikidai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48, ingia kwa simu kwenye akaunti yako ya Microsoft. Kwa kawaida huhifadhiwa humo. Bila ufunguo huo hakuna fundi atakayezisoma nyaraka hizo, hata awe hodari vipi.

Sasa wanachama. Usingoje mashine ipone ndipo uzungumze nao. Mwombe mwenyekiti aitishe kikao wiki hii, uwaeleze kilichotokea kama ulivyonieleza mimi, na kila mmoja aje na kitabu chake. Hisa na marejesho yamo kwenye vitabu hivyo, na mkikaa jioni moja mnaweza kuandika upya sehemu kubwa ya jedwali hata kama kompyuta haitafufuka. Ukimya wako ndio unaolisha minong'ono. Hukuiba, dada, wala hukuharibu kwa makusudi. Sema hivyo mbele yao.

Nina neno kwa kikundi kizima pia. Sanduku la fedha mmelifunga kwa kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, halafu hesabu za fedha hizohizo mkaziacha kwenye laptopu moja isiyo na betri. Nunueni betri kwa fedha ya kikundi, maana kazi ni ya kikundi. Kila baada ya kikao, faili linakiliwe kwenye flashi inayokaa kwa mweka hazina.

Na shemeji yako anayekushauri uzime apdeti moja kwa moja, usimsikilize. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi nyingi duniani, na dawa yake ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakuiweka. Wewe iwekee mipaka tu: kwenye mipangilio ya mtandao, uweke kuwa unatumia bando lenye kikomo, ili isipakue mambo makubwa bila wewe kujua. Diski yako umesema imebaki gigabaiti 3; hamisha video zilizomo kwanza, maana apdeti kubwa inataka nafasi ya gigabaiti 20 hivi.

Ukikwama kwenye skrini ya bluu, piga picha kwa simu, hasa ile namba inayoanza na 0x, uniandikie tena.