Mapafu Yenye Maradhi Mawili

Ndugu wafanyakazi, mtu anahema kwa kupanda ngazi tu. Hospitalini anapuliza katika mashine, anaambiwa yu mzima, arudi kazini. Tusimwite mvivu. Yapo maradhi mawili ya mapafu ambayo huweza kumshika mtu mmoja kwa pamoja. Sehemu ya juu, kuta za vifuko vya hewa hubomoka na pafu likatanuka. Hiyo ni emfisema. Sehemu ya chini hujaa makovu, pafu likakakamaa na kusinyaa. Moja hutanua, jingine hubana, na makovu huzishikilia njia za hewa zisijifunge. Ndiyo maana kipimo cha kupuliza huonekana karibu na kawaida. Lakini oksijeni haipenyi vizuri kuingia katika damu.

Mwaka 2005 daktari Vincent Cottin na wenzake wa Ufaransa walieleza habari za wagonjwa 61 wa namna hiyo. Wote walikuwa wamevuta sigara, na 60 kati yao wanaume. Pumzi waliyoweza kutoa ilikuwa, kwa wastani, asilimia 88 ya inayotazamiwa. Uwezo wa kupitisha hewa kwenye damu, asilimia 37 tu! Wote walihema wakifanya kazi ya nguvu. Wengi, daktari alisikia chini ya mgongo mlio kama wa majani makavu yakikanyagwa. Wengine ncha za vidole zilikuwa zimevimba. Karibu nusu walikuwa na shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu, nalo huuelemea moyo.

Basi anayehema asiridhike na kupuliza peke yake. Aombe kipimo cha kupitisha hewa, picha ya CT ya kifua, na kupimwa oksijeni akiwa ametoka kutembea, si akiwa ameketi.