Kamati ya shule ndogo: wajumbe wangapi wanatosha?

Tukijadili uongozi wa shule, wengi wetu tunakimbilia jibu moja: wajumbe wawe wengi, ndiyo demokrasia. Twende nalo mpaka Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, mkoani Songwe, tuone kama linasimama.

Sheria ya Elimu ya 1978 inataka shule ya msingi iwe na kamati na sekondari iwe na bodi. Katibu ni mkuu wa shule mwenyewe. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango cha msingi kilikuwa sh. 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 zinafika shuleni, 4,000 ni za vitabu.

Sasa tupige hesabu. Tuseme shule ya vijijini Ileje ina wanafunzi 200. Inapata sh. 1,200,000 kwa mwaka, yaani laki moja kwa mwezi. Kamati ya watu 15 ikikutana mara nne, kila mjumbe akapewa soda na maandazi ya sh. 2,000 tu, zimeondoka 120,000. Hela ya mwezi mzima imeliwa! Wakiwa 7, ni 56,000.

Kuna tatizo la akidi pia. Nusu ya wajumbe ikihitajika, kamati ya 15 inataka watu 8. Msimu wa mvua, kazi za shamba zimepamba moto, na milima ile ya Ileje, utawapata wapi? Kikao kinaahirishwa, mwisho mwenyekiti na katibu wanaamua wawili. Ukubwa umezaa udogo.

Lakini kamati ya 7 nayo ina hatari yake. Akidi ni 4, na kura 3 zinapitisha jambo. Watatu hao wakiwa wa ukoo mmoja, shule imekuwa mali ya familia.

Mimi naona tunachanganya kazi mbili: kuamua na kuhoji. Kuamua kunahitaji watu wachache wanaofika. Kuhoji kunahitaji wengi, na wengi tayari wana mahali pao. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji wajumbe 15 hadi 25, na juu yake kuna mkutano mkuu wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, angalau kila miezi mitatu. Kwa hiyo kamati ya shule ndogo iwe na watu 7 au 9, akidi yake ipande hadi theluthi mbili, wajumbe watoke vitongoji tofauti, na mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kisha yasomwe mkutano mkuu.

Wenzetu wa ualimu na utawala, kesho mtapangiwa shule kama hizi. Mkifika, kabla ya kuuliza kamati ina wajumbe wangapi, fungueni daftari la mahudhurio mhesabu waliofika vikao vinne vilivyopita.