Somo kwa Wanamuziki: Wimbo Hauzikwi na Mtungaji



Somo la safari hii linahusu wenzetu ambao mara nyingi tunasahau kuwahesabu kuwa wafanyakazi. Hao ni wapiga gitaa, waimbaji na watungaji wa nyimbo. Wako wanaosema kwamba muziki ni starehe tu. Aliyelipa kiingilio mlangoni ndiye anayestarehe. Aliye jukwaani mpaka saa tisa usiku yuko kazini.

Kazi yao ina jambo moja la ajabu. Seremala akitengeneza kiti, kiti huuzwa mara moja na hesabu imekwisha. Wimbo huuzwa mara elfu, na huendelea kuuzwa hata mtungaji akiwa kaburini. Siku moja kampuni ya magari huutia katika tangazo lake la televisheni, au kampuni ya filamu huutia katika filamu, na mtu aliyekufa bila kujulikana husikika dunia nzima. Sasa tujiulize: fedha za wimbo huo zinamfikia nani? Kwa sehemu kubwa, jibu limo katika karatasi zilizotiwa sahihi tangu zamani. Tutazame mifano miwili ya kweli.

MFANO WA KWANZA: NICK DRAKE

Nick Drake alikuwa kijana wa Kiingereza, aliyezaliwa mwaka 1948. Alipiga gitaa kwa ustadi mkubwa na kuimba kwa sauti ya chini, lakini hakupenda kusimama mbele ya watu. Alitoa santuri ndefu tatu tu, kati ya mwaka 1969 na 1972. Ya mwisho iliitwa Pink Moon. Aliirekodi kwa usiku mbili, yeye na gitaa lake, na piano kidogo katika wimbo mmoja. Santuri hizo hazikuuzwa. Hakuna hata moja iliyofikisha nakala zaidi ya 5,000 ilipotolewa. Kampuni ya Island ilikuwa ikimlipa posho ya pauni 20 kwa wiki. Akaugua ugonjwa wa huzuni, akarudi kukaa kwa wazazi wake. Alikufa Novemba 1974 kwa dawa za ugonjwa huo zilizozidi kipimo. Alikuwa na miaka 26.

Miaka 25 ikapita. Mwishoni mwa mwaka 1999 kampuni ya Volkswagen ilitoa tangazo la gari huko Marekani. Ndani yake vijana wanne wanaendesha gari lisilo na paa usiku wa mbalamwezi. Wanafika kwenye karamu yenye makelele, wanatazamana, kisha wanageuza gari na kwenda zao. Hakuna anayesema neno. Kinachosikika ni gitaa na sauti ya Nick Drake katika ule wimbo wa Pink Moon. Watu wakaanza kuuliza, "Ni nani huyu?" Santuri ambayo Marekani ilikuwa ikiuza nakala kama 6,000 kwa mwaka, mwaka 2000 iliuza kama 74,000.

Wengi husimulia habari hii kama bahati tu. Lakini sisi wa chama tutazame kilichokuwa nyuma yake. Mtayarishaji wake, Joe Boyd, alipoiuzia Island kampuni yake, aliweka sharti kwamba santuri za Nick Drake zisiondolewe kamwe katika orodha ya mauzo. Hapo hazikuwa na faida kwa mtu yeyote. Sharti hilo moja ndilo lililozilinda. Aliyezitafuta miaka 25 baadaye alizikuta. Na kazi za marehemu zilibaki na watu wa kuzitunza: dada yake, Gabrielle Drake, ndiye aliyesimamia urithi huo.

MFANO WA PILI: SOLOMON LINDA

Huyu ni Mwafrika mwenzetu, Mzulu wa Msinga, Afrika Kusini, tena mfanyakazi wa kiwandani. Alikuwa akipakia santuri katika kampuni ya Gallo, Johannesburg. Mwaka 1939 aliingia studio ya kampuni hiyo hiyo pamoja na kikundi chake, Evening Birds, wakarekodi wimbo uitwao Mbube, yaani Simba. Wimbo ulipendwa sana, na katika miaka kumi iliyofuata uliuza nakala zaidi ya 100,000. Kwa haki za wimbo huo Solomon Linda alipata shilingi 10.

Santuri ikavuka bahari. Huko Marekani mwimbaji Pete Seeger aliisikia, na kwa kuwa hakuyashika vizuri maneno ya Kizulu, wimbo ukageuka jina ukawa Wimoweh. Seeger alimpelekea Linda dola 1,000, lakini karatasi za wimbo hazikubadilika. Mwaka 1961 ukatiwa maneno ya Kiingereza, ukaitwa The Lion Sleeps Tonight, na kikundi cha The Tokens kikafika nao nafasi ya kwanza Marekani. Mwaka uliofuata, 1962, Linda alifariki akiwa maskini. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe. Mwaka 1994 kampuni ya Disney iliutia wimbo katika filamu ya The Lion King. Watoto wa dunia nzima waliuimba. Watoto wa Linda walikuwa Soweto, katika ufukara.

Ukombozi ulitoka katika sheria ya zamani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini, ilisema kwamba haki alizouza mtungaji huwarudia warithi wake miaka 25 baada ya yeye kufa. Kwa hiyo tangu mwaka 1987 haki hiyo ilikuwa ya watoto wa Linda, wala wao hawakujua. Mwaka 2004 wakili Owen Dean aliifikisha Disney mahakamani kwa niaba yao. Februari 2006 kesi ilimalizwa kwa mapatano. Warithi walilipwa kwa matumizi yaliyopita, wakapewa sehemu ya mapato ya baadaye, na Linda akatambuliwa kuwa mtungaji mwenza.

HAKI MBILI ZA KUTENGANISHA

Hapa ndipo wanamuziki wengi hudanganywa, basi tusome polepole. Katika kila wimbo uliorekodiwa zimo mali mbili:

1. Utungo, yaani sauti na maneno yake. Hii huwa mali ya mtungaji, mpaka aiuze.
2. Rekodi, yaani ule uimbaji ulionaswa studio. Hii mara nyingi huwa mali ya kampuni iliyolipia studio.

Mwenye tangazo anahitaji ruhusa zote mbili. Mkipiga rekodi yenu kwa malipo ya studio, haina maana kwamba mmeuza na utungo. Lakini karatasi ikiandikwa "haki zote", nawe ukatia sahihi, umetoa vyote viwili kwa mara moja.

Haki ya utungo pia hudumu muda mrefu. Mkataba wa kimataifa wa Berne unataka idumu maisha ya mtungaji na miaka 50 baada ya kufa kwake. Uingereza hudumu miaka 70. Wajukuu wako wanaweza kula matunda yake, au wajukuu wa mwenye studio.

Nimekaa na wapigaji wa bendi mjini, watu hodari kabisa, nikawauliza karatasi zao ziko wapi. Mmoja alinijibu, "Kaka, bosi ndiye anayeziweka." Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Usitie sahihi siku ile ile unayopewa karatasi. Ichukue, isomewe mbele ya wenzako, kwa lugha unayoielewa.
2. Kataa malipo ya mara moja kwa haki zote. Dai sehemu ya kila mauzo, na matangazo ya biashara yatajwe peke yake.
3. Andikisha jina la kila aliyetunga, na tarehe. Baki na nakala.
4. Mwambie mke, mume au watoto mahali karatasi zilipo. Warithi wa Linda walikuwa na haki miaka mingi bila kuijua.
5. Mambo haya usiyabebe peke yako. Linda hakuweza kupigana na kampuni akiwa mtu mmoja. Lete karatasi yako tawini.

Tukumbuke, ndugu, kwamba Nick Drake hakula hata senti ya tangazo lile, wala Linda hakuiona ile kesi. Sifa za baada ya kufa hazimlishi mtu. Tunataka msanii alipwe akiwa hai, na akifa, wake walipwe.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Tofauti ya haki ya utungo na haki ya rekodi ni nini?
2. Ni sharti gani lililozilinda santuri za Nick Drake? Sisi tungeweka sharti gani?
3. Katika tawi letu, nani ana wimbo unaopigwa redioni, na karatasi yake iko kwa nani?