Mtoto Akitimiza Miezi Sita

Wapo miongoni mwetu wanaosoma huku wakilea. Mtoto akitimiza miezi 6, maziwa ya mama pekee hayamtoshi tena, ingawa anaendelea kunyonya hadi miaka 2 kamili kwa anayetaka kukamilisha, kama tunavyosoma katika Sura ya al-Baqara, aya ya 233. Aya hiyohiyo inamtwika baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha. Basi akina kaka, mitihani si udhuru.

Mwanzishie uji mzito au matoke yaliyopondwa, mara 2 au 3 kwa siku. Uji mwepesi kama maji hujaza tumbo tu. Ongeza maharage yaliyopondwa, yai au dagaa waliosagwa, kwani akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inapungua.

Asali je? Ni shifa, tumeisoma katika an-Nahl, lakini asiyetimiza mwaka 1 asipewe hata ya kulamba. Huweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo mchanga hauwezi kuzizuia, zikaota na kutoa sumu inayolegeza misuli hadi kupumua kukawa shida. Bibi akisisitiza, mweleze kwa adabu, kisha weka chupa juu ya kabati.