Mwanao Anahitaji Kifaa? Usingoje Afike Umri wa Shule

Mzazi, ikiwa mwanao ametimiza mwaka mmoja na bado hawezi kuketi bila kushikwa, au hashtuki mlango unapobamizwa, usikubali kuambiwa "ngoja, atakua." Mpeleke hospitali.

Wataalamu wanashauri mtoto mchanga apimwe masikio kabla ya mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Ubongo hujifunza lugha mapema mno. Akipewa kifaa cha kusikilizia akiwa na miaka 6, amekwisha kupoteza miaka ambayo wenzake walijifunza kuzungumza.

"Pesa nitatoa wapi?" utauliza. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Kabla ya hapo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikuwa imeunda Baraza la Kitaifa na hazina ya kugharamia mambo kama hayo. Sheria hiyo ilifutwa na nyingine mwaka 2025, lakini Baraza lingalipo. Anzia hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kupima ulemavu. Ukipata ripoti ya madaktari, msajili mtoto kwenye Baraza, kisha uombe kifaa. Wizara ya Elimu nayo ina vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vilivyoanza 1984. Si lazima mtoto awe ameanza shule ndipo umpeleke.

Sasa tahadhari. Kiti cha magurudumu cha mtu mzima hakimfai mtoto wa miaka 3, hata kama ni cha bure na mmepigwa picha mkikipokea. Humo mtoto huinamia upande mmoja, miguu ikining'inia, na mgongo unaweza kupinda. Isitoshe, mtoto hukua. Kile kipande laini cha kifaa cha kusikilizia kinachokaa ndani ya sikio la mtoto mchanga huhitaji kubadilishwa kila baada ya miezi michache, la sivyo kifaa hupiga mluzi.

Kwa hivyo, kabla ya kupeleka ombi, mwombe mtaalamu aandike vipimo vya mtoto: upana wa nyonga, urefu wa paja, urefu wa mguu kutoka goti. Uliza pia ni nani atakayekikarabati kifaa kikiharibika, na utaruhusiwa kuomba kingine lini. Weka nakala ya kila karatasi.